Reli Itafika Garissa Jumamosi

Minneapolis, Minnesota

Kwa Abti, mjomba wangu, na kwa wote mnaokaa naye kivulini karibu na soko la mifugo, Garissa.

Huku baridi imeanza kumtafuta kila mtu kwa jina lake.

Nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti ambao dada yako, Habaryar, aliutuma kwenye kundi la familia: kwamba mtoto tuliyemchangia nauli kaenda Marekani, na sasa kila Jumamosi anashinda na wazee wa Kizungu akisukuma vigari moshi vya watoto, na huenda kamari imo. Kwa kuwa ujumbe huo umeshapita Eastleigh na Dubai, kisha ukanirudia kutoka kwa mtu wa Toronto nisiyemjua, naona nijitetee kwa maandishi.

Kwanza, si kila Jumamosi. Ni moja kwa mwezi, katika ukumbi wa maktaba ya umma. Pili, kamari haimo. Hakuna dadu, hakuna senti inayowekwa mezani, na mshindi hupewa mkono na kazi ya kurudisha vipande sandukuni. Sheikh akiwa na neno, aniambie mwenyewe. Tatu, wazee wa Kizungu wapo, lakini yupo pia muuguzi kutoka Liberia, dereva wa lori, na msichana wa chuo kikuu anayetushinda sote. Vigari moshi navyo vipo. Hapo Habaryar hakusema uongo.

Michezo ya ubao ni mingi pale, ila meza yetu ni ya kujenga reli tu. Ulio mwepesi kuliko yote unaitwa Ticket to Ride. Aliutunga Alan R. Moon, ukatoka 2004, na mwaka huohuo Wajerumani wakaupa tuzo yao ya mchezo bora wa mwaka. Ubao ni ramani ya Marekani pamoja na ukingo wa kusini wa Kanada. Kila mchezaji anashika mabehewa 45 ya plastiki. Unakusanya kadi za rangi. Zikitimia, unapanga mabehewa yako kati ya mji na mji, na njia hiyo imekuwa yako. Njia ya mabehewa mawili ina pointi 2, ya sita ina 15. Juu ya hayo kila mtu ana tiketi za siri. Tiketi inakuagiza, kwa mfano, uunganishe Los Angeles na New York. Ukiunganisha, unaongezewa pointi 21. Usipounganisha, unakatwa 21.

Abti, rudia kusoma hapo. Mtu akichukua tiketi ya reli na reli asiijenge, anakatwa.

Mwenzenu niliposomewa sheria hiyo nilikaa kimya hadi muuguzi akauliza kama naumwa. Nilikuwa Lamu kimawazo, Machi 2, 2012. Mnakumbuka siku ile: Rais Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia wamesimama pamoja wakizindua LAPSSET. Bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli ya kutoka Lamu kupita kaunti yetu hadi Isiolo, kisha tawi moja lishike njia ya Sudan Kusini na jingine Moyale hadi Ethiopia. Sisi tukaanza kubishana stesheni itakaa wapi. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021. Reli, ngamia wenu ndio mashahidi: wanakatiza inapotakiwa kupita, na hakuna aliyejikwaa kwenye chuma. Kwa sheria za Moon, kuna watu wangemaliza mchezo huu wakiwa chini kabisa ya sifuri, tena pointi zao zinahesabiwa kwa sauti mbele ya kila mtu.

Msidhani lakini kwamba ni sisi tu tunaorukwa. Minneapolis hii, jiji la watu zaidi ya laki nne, haimo kwenye ramani ya Ticket to Ride. Uliowekwa ni Duluth, mji mdogo wa ufukoni kaskazini mwa hapa. Wenyeji wameishi na ramani hiyo tangu 2004 na hawajasamehe. Niliposema natoka mkoa ambao reli haijawahi kuukanyaga, si Garissa, si Wajir, si Mandera, mzee mmoja mhandisi mstaafu alinishika bega kama tumefiwa pamoja.

Tabia za mezani ndizo zinazonishinda. Mchezo wetu wa shax unaujua wewe: miraba mitatu mchangani, mmoja ndani ya mwingine, vipande 12 kila upande, na washauri kumi nyuma ya kila mchezaji. Huku mtazamaji hafungui mdomo. Akiona mtu anapotea, anamwacha apotee. Wewe, Abti, ungeombwa utoke nje kabla chai yako haijapoa. Na nyumbani mtu akikufungia njia anakukejeli hadi watoto wacheke, nawe unajua umesimama wapi naye. Huku anakuomba radhi. "Samahani sana, natumaini sijakuharibia," anasema kwa upole, na mabehewa yake sita yameshalala juu ya njia uliyoiwekea kadi tangu asubuhi. Huwezi hata kukasirika. Unajikuta unamshukuru.

Chakula kiko meza ya mbali, kila mtu na sahani yake aliyokuja nayo. Wamejifunza kuandika kikaratasi cha "haina nguruwe" kwa ajili yangu, Mungu awalipe. Sambusa zangu huisha kabla ya kitu kingine chochote, lakini kila aliyeonja hutumwa bombani kunawa kwanza ndipo aguse kadi, na kadi zenyewe zimevishwa vifuko vya plastiki moja moja. Kitambulisho changu cha taifa, nilichokisotea na kupigwa msasa mbele ya wazee na machifu, sijawahi kukitunza hivyo.

Mchezo wa wakubwa hasa ni mwingine, unaitwa 1830. Huo ni wa Mwingereza Francis Tresham, aliyeanza na 1829 mwaka 1974, kisha 1830 ukatoka Marekani mwaka 1986. Unaweza kula saa sita nzima. Humo huchezi kama reli. Unacheza kama mwenye hisa. Asilimia 60 ya hisa zikinunuliwa, kampuni inaanza kazi, na mwenye hisa nyingi kuliko wengine anakuwa rais wake: anaamua njia ipite wapi, treni gani inunuliwe, na faida igawiwe au ibaki kwenye sanduku la kampuni. Treni nazo zinazeeka kwa amri. Anayenunua treni ya kwanza ya daraja la nne anageuza treni zote za daraja la pili kuwa vyuma chakavu papo hapo. Kampuni isiyo na treni lazima inunue nyingine, na pesa za kampuni zikipungua, rais anaongeza kutoka mfukoni mwake.

Sasa sikiliza ujanja. Siku ya kununua treni kwa lazima ikikaribia, rais mwerevu anauza hisa zake taratibu mpaka anayemfuatia awe ndiye mwenye hisa nyingi. Urais unahama wenyewe, na deni la treni linahama nao, kama ngamia kilema anayeuzwa kwa shemeji wakati wa magharibi. Yule yule mzee aliyenishika bega ndiye aliyenifanyia hivyo, akitabasamu, na baadaye akanikatia keki. Abti, ninyi madalali mnaokadiria uzito wa fahali kwa jicho na kusoma uso wa mnunuzi, mngeingia hapa mkamaliza kila mtu kabla ya swala ya alasiri.

Matajiri wa namna hiyo hawakubuniwa na Tresham. Ng'ambo ya mto, St. Paul, ipo nyumba kubwa ya mawe mekundu ya James J. Hill, bwana wa Great Northern, reli iliyofika Seattle 1893. Leo ni makumbusho. Nilipita vyumbani nikihesabu meko na kuelewa kwa nini watu hujenga reli.

Katika reli za kwetu, wenzangu wa mezani wanaijua moja, ya Uganda, na wanaijua kwa sababu ya simba. Wale simba wawili wa Tsavo waliokula wafanyakazi mwaka 1898 wamehifadhiwa na kusimamishwa katika Field Museum kule Chicago, na nusu ya meza yetu imepiga nao picha. Nikawaeleza kilichobaki: ilianza Mombasa 1896, 1899 ikafika kwenye kinamasi kikazaliwa Nairobi, 1901 ikagusa ziwa pale Kisumu. Waliopitiwa na reli wakapata miji. Sisi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini tukapata sharti la kibali cha kusafiria. Ndiyo maana hadi leo mtu wetu akipanda basi la Nairobi anasema anakwenda Kenya. Hapo hakuna aliyeuliza tena kuhusu simba.

Mwezi uliofuata mhandisi alikuja na sanduku jipya kwa heshima yangu: Ticket to Ride, ramani ya Afrika. Nilitazama mwaka wa kutolewa: 2012. Mwaka uleule wa Lamu! Moon alimaliza reli zake zote, zikachapishwa, zikapakiwa, zikavuka bahari. Garissa haimo, nisiwafiche. Ila ramani hiyo ina kadi za ardhi, za jangwa, msitu na mlima, na ukizitumia ipasavyo njia yako inahesabiwa pointi maradufu. Jangwa, Abti, linalipa! Maisha yangu yote ukame ulikuwa sababu ya kutoletewa kitu.

Basi nimeamua. Wacheza reli wana desturi ya kujichorea ramani. Mchezo wa Age of Steam, wa Martin Wallace, una ramani chungu nzima zilizochorwa na wachezaji. Nami nachora ya Kaskazini Mashariki. Kosa, au bahati, ni kwamba niliuliza kwenye kundi la familia stesheni ziwe wapi.

Tangu hapo simu yangu haijalala. Wewe umetaka stesheni ndani ya soko la mifugo, yenye ngazi pana ya kupandishia ngamia. Binamu wa Madogo anasema reli iishie upande wake wa Tana, kwa sababu daraja la pili ni gharama kwa taifa. Wa Wajir anataka njia mbili. Wa Mandera anasema ujenzi uanzie kwake, maana kila kinachoanzia kwingine humfikia mjukuu wake. Na Habaryar, aliyeniita mcheza vitu vya watoto, ametuma picha ya hati ya kiwanja chake cha Bulla Iftin na kudai fidia kabla sijagusa penseli.

Mwambieni fidia ipo. Benki ya 1830 ina dola 12,000 za karatasi, na mhandisi ameniruhusu kuzitumia. Wengine nipeni majibu kabla ya Ijumaa, kwa maana Jumamosi saa nne asubuhi tunaanza kujenga, inshallah. Tiketi ya Garissa hadi Mandera nimeiandika pointi nyingi kuliko zote, na atakayeichukua asijenge nitamkata mbele ya watu, hata akiomba radhi.

Wasalamu,
Mtoto wa dada yako