Jinsi ya Kumfukuza Konokono Aliyedandia

Ukitaka kufuga samaki kwenye tangi la kioo, hamia Mwaya. Ziwa Nyasa liko hapo nje, bure, lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, nawe umeamua kulipia umeme ili uwatazame wachache sebuleni. Majirani watauliza samaki hao wataliwa lini. Wajibu kwamba bado wanakua. Jibu hilo linadumu miaka.

Ufukwe wa Mwaya ni mchanga na tope la mito, ilhali mbuna, wale samaki wa buluu na manjano, wanataka mawe. Basi nenda Matema, panda mtumbwi, ufuate miguu ya Milima ya Livingstone kuelekea Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi. Okota jiwe lenye mwani, chota na mchanga kidogo, rudi navyo kwa bodaboda. Usivioshe wala usivianike. Ukikosea hapo ukasafisha kila kitu, hutapata konokono, na mwongozo huu utakuwa hauna kazi kwako.

Baada ya muda utamwona: gamba jembamba, lililosokotwa na kuchongoka, refu kama ukucha. Wataalamu wanamwita Melanoides tuberculata. Mchana amejifukia mchangani. Usiku, ukimulika tochi, kioo kizima kimetapakaa wao. Usihangaike kutafuta dume aliingilia wapi. Kwa kawaida jike huyu hahitaji dume; anazaa peke yake, tena watoto hai wenye magamba yao tayari.

Sasa tangaza vita. Kumponda mmoja mmoja kwa kidole ni njia nzuri kwa mstaafu mwenye afya. Chumvi inamchekesha, kwa kuwa anastahimili hata maji ya chumvichumvi. Dawa ya shaba itamuua, naam, kisha mizoga itaoza ndani ya mchanga, amonia itapanda, na asubuhi mbuna wako wataelea matumbo juu. Hapo jirani atakuwa amepata jibu lake, ingawa kwa dawa hiyo simshauri awashe jiko.

Waweza pia kuajiri askari. Usimtegemee Labeotropheus fuelleborni, hata kama jina lake ni la Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyewahi kukaa Langenburg ya zamani, kaskazini mashariki mwa ziwa, na aliyebobea katika vimelea. Daktari alijali minyoo. Samaki wake anajali mwani tu. Wa kumtafuta ni Trematocranus placodon, ambaye kooni ana meno butu ya kusagia magamba. Atamaliza konokono wote, atakua kupita sentimita 20, kisha atasimama mbele ya kioo akikudai wengine. Huyu, kusema kweli, afadhali abaki ziwani. Upande wa Malawi watafiti wamehusisha kuvuliwa kwake kupita kiasi na kuongezeka kwa kichocho.

Na hapa naweka utani pembeni kidogo. Konokono wa kichocho ni mwingine, Bulinus, mfupi na mnene. Mshike kwa kibano, ncha ya gamba ikiwa juu na tundu likikuelekea. Tundu likiwa upande wa kushoto, mhesabu kuwa mshukiwa na umtoe. Vimelea wanaotoka kwake hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda. Ndani ya maji hufa baada ya kama siku mbili, lakini konokono aliyeambukizwa akiwa hai humwaga wengine kila siku. Kwa hiyo vaa glavu ndefu, na usimtume mtoto akusafishie tangi.

Tukirudi kwa yule mchongoka, dawa yake ipo na haiuzwi. Punguza chakula. Idadi yake hupimwa na makombo unayomwaga wewe, kwa huruma, kila samaki akikukodolea macho. Jioni zamisha kipande cha tango, alfajiri kitoe kikiwa kimejaa wageni. Wachache waliobaki waache wapekue mchanga. Wakipanda wote hadi juu ya maji kwa pamoja, kagua pampu: huenda hewa imepungua, umeme ulikatika na wewe umelala.

Ila usiwarudishe ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba aina ya Melanoides kutoka Asia imeshaingia Ziwa Nyasa, ikifanana na wenyeji kiasi cha kutoshtukiwa, na duniani kote biashara ya samaki wa mapambo ni mojawapo ya njia kuu zilizowasambaza konokono hawa. Basi ukichoka na tangi, wachemshe konokono, anika mchanga mpaka ukauke kabisa, na maji yamwage nchi kavu, mbali na mto na mbali na majaruba ya mpunga. Samaki uliyenunua dukani naye mtafutie mfugaji mwingine. Usimtupe katika mto Kiwira wala Mbaka.