Geti Halikerezi Chuma

Kijana akimaliza kidato cha sita na PCM yake, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, ukoo mzima hugeuka kamati ya udahili. Mjomba anataka chuo chenye jina. Shangazi anataka kilicho karibu na ndugu, ili mtoto apate pa kula Jumapili. Rafiki anasema twende wote. Mwombaji mwenyewe keshaamua zamani: ameona picha ya geti. Basi mtu anayekwenda kukaa miaka 4 akifundishwa kupima kila kitu kwa milimita, anachagua pa kufundishiwa kwa kukadiria. Mimi nasema chuo cha uhandisi kichaguliwe kwa karakana yake, mengine yafuate.

Tufanye hesabu, maana hapa ni kwa wahandisi. Tuseme karakana ina mashine moja ya kukereza iliyo nzima, kipindi ni cha saa 3, na darasa lina wanafunzi 60. Kila mmoja anapata dakika 3, muda wa kutafuta swichi na kumpisha mwenzake. Atahitimu akiwa ameiona mashine kama tunavyomwona rais: kwa mbali, msafara ukipita. Na shahada peke yake haimalizi safari. Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi humtambua kwanza kama mhandisi mhitimu. Kuwa mhandisi mtaalamu kunadai uzoefu wa kazi, ndiyo maana tangu 2003 kuna mpango wa SEAP wa kuwalea wahitimu kazini kwa miaka 3. Huko kazini hakuna anayekuomba picha ya geti.

Mjomba atajibu kwamba jina jema hung'ara gizani. Kweli, ila jina hilo lilitoka wapi? Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ilianza 1957 kama shule ya ufundi, miaka 16 kabla Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakujafunguliwa Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Jina ni moshi wa jiko la karakana. Ukitaka kujua kama bado kunapikwa, chungulia jikoni. Wengine watasema siku hizi kompyuta inatosha. Naiheshimu kompyuta: huangusha daraja mara 100 bila kumjeruhi hata mbuzi. Lakini haijawahi kumkutanisha mtu na nati iliyoshika kutu, na nusu ya uhandisi wa kwetu ni mazungumzo na nati ya namna hiyo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hatuchagui, alama ndizo zinazochagua. Sawa, alama hufunga baadhi ya milango. Lakini kwa ile iliyobaki wazi, nani kapanga ipi iwe ya kwanza kwenye fomu?

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, nenda siku ya kazi, pita geti bila kuligeukia, uulize karakana iko wapi. Ukikuta sakafu inang'aa na mashine imefunikwa kitambaa tangu mgeni rasmi alipoizindua, rudi zako nyumbani. Ukikuta fundi sanifu mwenye mikono ya grisi akimfokea mwanafunzi aliyesahau miwani ya kujikinga, umefika. Maana siku ya mahafali, pilau likishaliwa, shangazi atakuvuta pembeni akuonyeshe friji lake lililokufa tangu Pasaka. Hapo ndipo mtihani wa mwisho ulipo, na hautakuwa wa kuchagua jibu.