Mpaka Unaolowesha Miguu

Kutembea ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kutoka mdomo wa mto Songwe hadi Matema, ni safari ya nchi moja kwa mwenye viatu vikavu na ya nchi mbili kwa aliyekanyaga maji. Mpango huu mzuri ulitiwa saini tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilipoupitisha mpaka ukingoni mwa maji. Malawi imeutunza urithi huo kwa uaminifu. Tanzania, kwa ukaidi wake, husema mpaka uko katikati ya ziwa.

Anayeshuka kutoka Ikuti kupitia Tukuyu na Kyela huziona mapema faida za mpaka huo wa ukingoni. Mvua iliyolea migomba ya Rungwe huteremka kwa mto Kiwira ikiwa raia mwema, kisha huhama nchi bila kugongewa muhuri. Katika bandari za Kiwira na Itungi, meli hufungwa kamba Tanzania, tumbo likielea kwa hisani ya jirani.

Lyulilo, karibu na Matema, ndiko mambo yanakonoga. Mwanamke wa Kikisi akisugua sufuria kwa mchanga, magoti yako nyumbani na sufuria iko ughaibuni. Chungu alichokifinyanga hupata hadhi ya bidhaa ya nje mara tu mtumbwi unaposukumwa. Wimbi likirudi, nchi huongezeka hatua mbili, likija, hupungua. Hakuna baraza la ardhi lililowahi kutoa hukumu kwa kasi hiyo.