Kadi ya Ndizi

Hadi leo asubuhi kadi bado ipo kwenye ubao wa kazi wa timu yetu mtandaoni: "Ndizi, Keroka. Kizuizi." Nairobi wanaiona, Kampala wanaiona, Berlin wanaiona.

Jana nilikuwa Keroka, mji uliolalia mpaka wa Kisii na Nyamira, nimeketi barazani pa duka ambapo mtandao hunikubali. Mkutano wetu wa kila siku wa mtandaoni ukiendelea, mama mmoja akaniwekea mkungu wa ndizi miguuni. "Mwanangu, mia nne tu." Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Mama, hiyo bei ya Nairobi! Mia mbili unusu."

"Na mbolea ulininunulia wewe?"

Akamwita muuza mahindi awe shahidi, naye akanisuta kwa Kikisii kirefu. Niliporudi kwenye skrini, nyuso zote zilikuwa zimetulia kama za mahakimu. Mwenye bidhaa wetu (product owner) kule Berlin akauliza kwa upole, "Hicho kizuizi kitaondoka lini?" Msimamizi wetu wa Nairobi, ambaye hata chafya huifungulia kadi, akafungua.

Kadi isiyo na pointi za ukubwa wa kazi haiingii kwenye sprinti, yaani mzunguko wetu mfupi wa kazi, kwa hiyo tukaipigia kura. Utaratibu huu aliubuni James Grenning mwaka 2002, nami naupenda kuliko kazi yenyewe. Kila mtu anaficha namba yake, 1, 2, 3, 5, 8 au 13, kisha zote zinafunuliwa kwa mpigo, ili mdogo asimfuate mkubwa. Namba huachana kadiri zinavyopanda, kwa kuwa jambo likishakuwa kubwa, anayedai kulikadiria barabara anajidanganya. Wa juu na wa chini wanajieleza, kura inarudiwa. Kampala, wanaojua ndizi, walitoa 2. Berlin 13. Tukaafikiana 5.

Jogoo aliyewika wiki jana tukimwonyesha mteja bidhaa hakufunguliwa kadi: hana akaunti ya kukabidhiwa.

Watu 17 walikutana Snowbird, Utah, Februari 2001, wakatoa ilani ya ajaili (Agile), mtindo wa kazi tunaoufuata. Kanuni zake ni 12, na mojawapo yasema mazungumzo bora ni ya ana kwa ana. Sisi hatujawahi kupeana mikono. Mkutano unafuata saa ya Berlin: Oktoba ikiisha wanarudisha saa zao nyuma, sisi hatuna cha kurudisha, basi saa tisa yetu inakuwa saa kumi, mvua ya Kisii ikinguruma na stima imepotea. Naandikwa "hakuhudhuria", na saa hiyo hailipwi. Hapo sicheki.

Kwenye kikao cha tathmini tuliambiwa tutaje cha kuboresha. Nikataja stima. Wakaipa pointi 1, na aliyekabidhiwa kuirekebisha ni mimi.