Kiti cha Wadi Si Kaunta ya Duka

Sogeeni kivulini, wenzangu, na nyinyi wa boda zimeni injini kidogo. Kutoka Oyugis hadi Rongo, Awendo, Migori mjini na kule Isebania mpakani, vijiwe vyote vina hoja moja siku hizi: nani anataka kiti cha wadi katika uchaguzi wa Agosti 10, 2027? Jina likitajwa tu, kuna mtu atauliza, "Ana pesa?" Akiambiwa jamaa ana duka la vifaa vya ujenzi, kituo cha petroli na malori ya kubeba miwa, maswali yameisha. Tayari ni mheshimiwa. Nkt!

Mimi sina ugomvi na mfanyabiashara. Tena nasema wazi kwamba bunge la kaunti linamhitaji. Mtu aliyeuza simiti na mabati miaka nenda miaka rudi, akiletewa makadirio ya kujenga choo cha soko, anaona pale pale bei imeongezwa wapi. Aliyewahi kuiuzia kaunti bidhaa, kisha akazungushwa ofisi hadi ofisi akidai malipo yake, anajua jinsi deni la serikali linavyofunga duka la mtu. Anayenunua omena Mbita na kuipakia kwenda mbali anajua ushuru wa soko unavyomuuma mchuuzi, na anaweza kuusoma Mswada wa Fedha wa kaunti kwa macho yaliyo wazi. Ujuzi huo haupatikani darasani. Kaunti ya Homa Bay ina wadi 40, ya Migori nayo 40. Wafanyabiashara kumi tu wenye dhamiri katika kila bunge wangewanyima usingizi wezi wa mali ya umma.

Lakini tuulizane, jamani: tukishawachagua, ujuzi huo wanautumia upande wa nani?

Katiba ya 2010, kifungu cha 185, imelikabidhi bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria na kuichunga serikali ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 9, inamkataza mwakilishi wadi kujiingiza, kwa njia ya wazi au ya kificho, katika kazi za utekelezaji. Maana yake yeye hajengi barabara, hachimbi kisima, hagawi kandarasi. Anapitisha fedha, kisha anafuata nyayo zake hadi shilingi ya mwisho. Na Julai 30, 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, inayomzuia afisa wa umma kutumia wadhifa wake kujinufaisha yeye au jamaa zake.

Sasa yasikilizeni maneno yetu wenyewe hapa kijiweni. "Mheshimiwa ametuletea murram." Ameileta kutoka wapi? Kwake? Hiyo ni kodi ya mama anayeuza nyanya Oyugis. "Mheshimiwa ni mjanja, tenda zote za wadi ni za watu wake." Na tunacheka, tunapigana makofi mgongoni! Omera, fikiri kidogo. Kama kampuni iliyomwaga murram ni ya shemeji yake, nani atasimama bungeni kuuliza kwa nini mvua ya kwanza imeisomba yote? Ukimpa mtu kazi ya kukagua na kazi ya kukaguliwa, umebaki bila mkaguzi. Na wafanyabiashara wengine wa wadi hiyo, wale vijana waliosajili kampuni zao na kulipia kila karatasi, wanabaki kutazama.

Tuseme pia anavyofika huko, kwa sababu safari yake tunaijua. Inaanzia matangani. Ananunua jeneza, analeta tenti, analipa matatu ya kuleta mwili. Kisha ni harambee ya kanisa, jezi za timu na karo za watoto wa jirani. Halafu ndio mchujo wa chama. Katika sehemu hizi tikiti ya ODM mara nyingi ndiyo imekuwa uchaguzi wenyewe, kwa hiyo pesa humwagika kabla hata karatasi za kura hazijachapishwa. Lori linauzwa, shamba linawekwa rehani. Siku ya kuapishwa anaingia bungeni akiwa na pengo la kuziba, na gavana anajua. Dawa ya deni kulipa, na wa kulilipa ni wewe na mimi.

Simlaumu mama anayebisha hodi alfajiri kwa mheshimiwa akiomba karo. Mkulima wa miwa wa Awendo anayengoja malipo miezi na miezi ataenda wapi? Shida ni ya kweli. Lakini basari inayotoka kwenye bajeti ni fedha ya umma. Mama yule anadai haki yake, na ni aibu kwetu sote akipigia magoti kitu ambacho ni chake.

Na si wadi tu. Tazameni eneo bunge la Kasipul. Mbunge Charles Ong'ondo Were, aliyechaguliwa 2017 na tena 2022, alipigwa risasi Nairobi Aprili 30, 2025, akafa. Hilo tuwaachie majaji. Mimi nasema juu ya uchaguzi mdogo uliofuata. Kampeni zilizaa fujo zilizoua watu, hadi tume ya uchaguzi, IEBC, ikawatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja mwanawe, Boyd Were wa ODM, na Philip Aroko, mfanyabiashara aliyekuwa mgombea huru. Novemba 27, 2025, kura zikapigwa, Boyd akashinda. Kiti kimejaa, lakini waliokufa hawarudi. Kama kiti ni cha kutumikia watu, kwa nini vijana wetu wazikwe kwa ajili yake? Tumekubali kiti kiwe mali, na mali hugombaniwa.

Wala msiniambie hatuna uwezo. Mwaka 2017, upepo wa ODM ukivuma Nyanza, eneo bunge la Suna West lilimchagua Peter Masara akiwa mgombea huru. Wapiga kura waliamua wenyewe, chama kikaheshimu, na 2022 Masara akarudi bungeni kwa tikiti ya chama hicho hicho. Mpiga kura akikaza uzi, chama humfuata yeye.

Basi tuanze sasa, tusingoje kampeni. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Katikati hapo mwananchi ana haki ya kusikilizwa, Katiba kifungu cha 196. Nendeni. Chama cha boda kitume watu wake, na kina mama wa soko watume wao. Mwulizeni mwakilishi wenu alisema nini bungeni, si alichanga ngapi matangani.

Na huyo mwenye duka akija kuomba kura 2027, mpeni kiti, mpeni maji, kisha mwulizeni mbele ya watu: kampuni zako ni zipi? Zinaiuzia kaunti nini? Ukishinda, nani ataziendesha, na utaapa hapa kwamba hazitagusa tenda ya wadi hii? Akijibu vizuri, mchagueni kwa moyo wote, maana tunamhitaji. Akikunja uso, mwacheni arudi dukani. Huko atatufaa zaidi.