Mwulize Bi Kaimati: Baba Krismasi Ameyeyuka

Msimu wa sikukuu ukikaribia, barua za wenye maduka ya peremende hunifikia kwa wingi kuliko za wachumba. Za wachumba nimeziweka kando, wenyewe watapatana. Hizi za madirisha haziwezi kungoja.

*Bi Kaimati, shikamoo. Nina duka la peremende na chokoleti hapa Mombasa, kioo chake kinatazama magharibi. Desemba niliamua kuwazidi majirani. Nilinunua pamba ya duka la dawa, nikaitandaza iwe theluji. Nikajenga bomba la moshi kwa maboksi, na juu yake nikamsimamisha Baba Krismasi wa chokoleti. Saa tisa alasiri alikuwa ameinamisha kichwa. Saa kumi alikuwa amerukuu kabisa. Na wanaoingia dukani wanauliza bei ya pamba. Nifanyeje? — Aliyeaibika, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na marehemu.

Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Ndiyo maana chokoleti hulainika ukiitia kinywani, na ndiyo maana haina maisha nyuma ya kioo kinachotazama magharibi wakati wa kaskazi. Jua la alasiri linaingia, joto halitoki, na pale dirishani pamekuwa tanuri la mkate wa mofa. Hata isipoyeyuka yote, chokoleti ikilainika mchana na kuganda tena usiku hutoka madoa meupe. Si kuvu, wala hayamdhuru mlaji, ni mafuta tu yaliyopanda juu. Lakini nenda kamweleze hayo mteja aliyekwisha kuvuka barabara.

Kwa hiyo dirishani weka maboksi matupu ya chokoleti na mali yenyewe ikae ndani, kivulini. Peremende ngumu zinastahimili zaidi, lakini ziwe kwenye mitungi ya kioo yenye vifuniko, kwa sababu sukari hunyonya unyevu wa hewa na hewa ya Mombasa ina unyevu wa kugawa. Peremende iliyoachwa wazi itashikana na mwenzake mpaka uzibanjue kwa kisu. Na taa uziweke za LED. Zile balbu za zamani zinaongeza joto juu ya joto ulilonalo, na bili ya umeme juu ya huzuni.

Sasa theluji. Ni nani pwani anayeisherehekea? Tazama watu wanaopita mbele ya duka lako mwezi huo. Nusu yao wametoka bara, wamekuja kuogelea, na siku ya kurudi wanapanda gari la moshi au basi wakiwa na deni moja kubwa: hawajanunua zawadi za nyumbani. Huo ndio msimu wako. Na rangi za Krismasi unazo dukani tangu zamani bila kuzinunua. Nyekundu ni mabuyu. Nyeupe ni kashata za nazi. Kijani ni majani ya mnazi, ambayo fundi wa makuti atakukatia kwa bei ya chai. Panga mabuyu yaliyofungwa tayari kwenye vikapu vidogo vya ukili, maana mifuko ya plastiki Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017 na kikapu chenyewe ni zawadi. Andika kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: ZAWADI YA KUPELEKA BARA. Bei iwe chini yake, bila aibu.

Halafu ukipata nafasi, nenda kwa wauza halwa ukajifunze. Ufundi wao una asili ya Omani, na wengi wao dirisha la maana hawana. Wana sufuria, mwiko, samli na iliki. Mtu anakorogewa mbele ya macho yake, harufu inamfuata mpaka kona ya pili, na anarudi. Ukiweza kupika kashata mbele ya duka saa kumi na moja jioni, dirisha litakuwa limekwisha pambwa. Pamba irudishe duka la dawa kama wataipokea.

*Bi Kaimati, nina kiduka cha halwa na lawalawa karibu na soko la Darajani, Unguja. Siku ya 29 ya Ramadhani nilitundika bango la Idi Mubarak mchana kweupe, nikapanga visheti na biskuti dirishani. Mwezi haukuandama. Kesho yake watu wamefunga, wanapita mbele ya dirisha langu wakinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuficha. — Aliyeutangulia Mwezi*

Ulikuwa na haraka ya nini, bwana? Mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, na jibu halitoki kabla ya magharibi. Anayepamba kwa kalenda hiyo hupamba mara mbili.

Mara ya kwanza ni Ramadhani yenyewe, na dirisha lake linataka adabu. Asubuhi shusha pazia. Aliyefunga hana haja ya kuonyeshwa visheti saa nne, na aliyefungua kwa sababu zake hana haja ya kuonyeshwa na wewe. Alasiri pandisha pazia: tende mbele, tambi nyuma yake, fanusi moja juu, mwezi mwandamo wa karatasi ngumu ukipenda. Kati ya alasiri na magharibi ndipo watu wananunua, na wananunua kwa tumbo. Bidhaa ziwe chache na mkono wako uwe mwepesi.

Mara ya pili ni Idi, na hiyo iandae nyuma ya duka. Masinia yawe yamepangwa, bango limekunjwa, gundi iko tayari. Mwezi ukitangazwa, toa kila kitu kwa mkupuo. Usiku ule Darajani hakulaliki, na duka linalobadilika sura saa mbili za usiku huku watu wanaangalia linajitangaza lenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo wengi wanapokosea. Sikukuu mosi mpaka ya nne, anayeshika fedha si mama wala baba. Ni mtoto aliyevaa nguo mpya, ana mkono wa Idi kiganjani na anakwenda Mnazi Mmoja jioni. Fedha hiyo imo njiani kutoka. Mwenye fedha ana kimo cha kiuno chako! Kwa hiyo rafu ya chini kabisa ndiyo ya mbele: ubuyu, lawalawa za kijiti, pipi za rangi, bei zimeandikwa 200 na 500 kwa tarakimu kubwa, kwa sababu mtoto wa darasa la kwanza atasoma tarakimu kabla hajasoma jina la duka. Rafu ya juu waachie watu wazima wanaokwenda ukweni, hao wanataka kikapu cha halwa kilichofungwa vizuri. Ukizigeuza rafu hizo, mtoto ataona halwa asiyoimudu, mkwe ataona pipi ya kijiti, na wote wawili wataingia duka la jirani.

Kuhusu wale waliokutazama vibaya: sahani ya visheti kwa kila jirani, baada ya magharibi.

*Bi Kaimati, mimi na mume wangu tuna duka la pipi Kariakoo. Pasaka ilipokaribia nilipanga mayai ya sukari machache juu ya kitambaa cha njano, nikaacha nafasi wazi pande zote. Kurudi sokoni nakuta ameongeza sabuni za vipande, betri, viberiti, na trei ya mayai ya kuku, eti "yanaendana". Nikilalamika anasema kupanga dirisha ni mchezo wa watoto na nafasi tupu hailipi kodi. Niondoke? — Mama Njano, Dar es Salaam*

Usiondoke, mama. Ondoa trei.

Kuhusu mchezo wa watoto, msomee mumeo haya. L. Frank Baum, yule Mmarekani aliyetunga The Wonderful Wizard of Oz, mwaka 1897 alianzisha huko Chicago jarida lililohusu madirisha ya maduka. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wapambaji wa madirisha. Mwaka 1900, mwaka uleule wa hadithi ya Oz, akatoa kitabu kizima cha namna ya kupamba madirisha ya maduka ya nguo. Mtu mzima, ana mke na watoto wanne, na aliona kazi hiyo inastahili kitabu.

Kuhusu kodi, ni nafasi tupu ndiyo inayoilipa. Mpita njia wa Kariakoo hatembei akitazama maduka. Anakwepa mkokoteni, anakwepa bodaboda, ameshika pochi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Jicho analoweza kukupa ni la kupepesa tu. Likikuta vitu arobaini halioni hata kimoja. Likikuta mayai ya njano peke yake, linasimama. Chagua kitu kimoja, rangi moja, bei moja. Panga kwa ngazi, nyuma juu na mbele chini. Kreti tupu za soda chini ya kitambaa zinatosha, fundi wa rafu hahitajiki. Ukimaliza vuka barabara, geuka, tazama. Usipoweza kusema mara moja duka linauza nini, rudi upunguze.

Nakuonya jambo moja kuhusu kitambaa. Ukitandika kanga, soma jina lake kwanza. Kuna kanga zenye vijembe, na ukiitandaza moja dirishani mtaa mzima utakaa kikao kuamua umemlenga nani. Utauza sana siku hiyo, lakini hutalala.

Mume mpe rafu yake ndani, karibu na sanduku la fedha. Awe sultani wa betri na viberiti. Mayai ya kuku ayauze kwa wanaoyataka. Pasaka nayo huangukia kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, masika yameanza, kwa hiyo kitambaa chako kikae mbali na mlango unaovuja.

*Bibi shikamoo. Kwa nini mwenye duka letu hataki kutuuzia pipi za dirishani? Anatupa za ndani. Za dirishani ndizo kubwa. — Mwanafunzi wa darasa la tatu, Tanga*

Marahaba, mjukuu wangu. Kwa sababu anakupenda. Zile ziko pale tangu Maulidi. Jua limezipausha, vumbi limezipa koti, na moja ina mlango wa sisimizi upande usiouona.

Sasa mpelekee jibu hili alisome. Bwana mwenye duka: kinachoonyeshwa kiuzwe, au kiandikwe kwamba ni cha kuonyesha tu. Badilisha bidhaa za dirishani kila wiki. Futa kioo ndani na nje, maana vidole vya watoto hawa viko nje na vya kwako viko ndani. Sisimizi wakikusumbua, miguu ya meza iingize kwenye makopo yenye maji, kama bibi zetu walivyofanya na kabati la chakula, na meza isiguse ukuta. Mtoto huyu akiingia, mpe moja ya bure kwa kuuliza swali zuri.

*Bi Kaimati, niko Nairobi. Ni Machi sasa na taa za Krismasi bado zinawaka dirishani pangu. Mke wangu ananisema. Nizishushe za nini wakati Krismasi itarudi? — Mvumilivu*

Itarudi, mwanangu, na Idi itarudi pia. Tofauti ni kwamba Idi haikai mahali pamoja: mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo kila mwaka inatangulia kidogo. Mwaka 2000 Idi el-Fitri iliangukia siku mbili tatu baada ya Krismasi, na wenye maduka wa pwani walipamba mara moja tu. Kwa hesabu za kalenda, zitakaribiana hivyo tena Desemba 2033. Ukiweza kungoja hadi hapo taa zako zitatumika kwa sikukuu zote mbili. Kama huwezi, panda ngazi leo. Dirisha lenye Krismasi mwezi wa Machi linamwambia mpita njia kwamba na peremende zilizomo ni za Desemba, na mara nyingi ni kweli.

Tangazo kwa wasomaji: wenye maduka ya ladu, barfi na jelebi wanaotaka ushauri wa Diwali, ambayo huja Oktoba au Novemba, waandike kabla ya mwisho wa Agosti. Atakayeniandikia jioni ya sikukuu yenyewe nitamjibu mwakani.