Shokapu, Mbuzi na Mwanasheria Mkuu

Ukitaka kujua gari lako lina vipuri vingapi, lipitishe kwenye barabara inayotengenezwa. Barabara mbovu haina shida; mashimo yake umeshayazoea, unajua lipi la kukwepa na lipi la kulisomea dua. Inayotengenezwa haizoeleki. Asubuhi mtaro uko kushoto, jioni umehamia kulia. Jana hapa palikuwa na njia ya mchepuko, leo pana rundo la moramu, na kijana wa bendera amekwenda kula.

Si kwamba sisi wa Singida tunachukia ujenzi. Wa umri wangu tunaukumbuka mlima Sekenke kabla ya lami, abiria wakishuka kwenye basi na kupanda kwa miguu, utingo akifuata nyuma na kigingi cha kuzuia tairi. Shokapu ikivunjika siku hizo, ulimshukuru Mungu kwamba ni shokapu tu. Fidia ilikuwa ya wenye mashamba na nyumba. Hata leo, ukimtajia mtu wa barabara habari za fidia, anafikiria rangi: X nyekundu ukutani maana yake umeifuata barabara, bomoa mwenyewe, X ya kijani maana yake barabara imekufuata, subiri malipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 60, na X zikaongezeka mijini na vijijini. Gari langu, Probox, halikubahatika kupata hata moja.

Nilikuwa natoka kijijini jioni na madumu ya mafuta ya alizeti, pamoja na kuku wawili niliopewa kwa kusimamia kikao cha ukoo. Upepo wetu wa Singida mnaujua. Siku hiyo ulikuwa umeamua kuhamisha vumbi lote la mashariki kulipeleka magharibi. Mara nikaona gari linapanda, na pale hapana kilima. Lilikuwa linapanda moramu iliyomwagwa katikati ya njia, bila taa, bila utepe, bila kibao. Likashuka upande wa pili kwa kishindo kilichomfanya kuku mmoja atage papo hapo. Yai lilisalimika. Shokapu haikusalimika.

Fundi alilala chini ya gari kwa muda mrefu kiasi cha kunitia wasiwasi kwamba amesinzia. Alipotoka akafuta mikono na kusoma hukumu: “Mwalimu, shokapu ya kushoto imekwisha, rimu imepinda, sampo inavuja. Bushi nazo zimechoka, ila hizo ni za zamani, usimsingizie mkandarasi.” Fundi mkweli ni baraka kwa mwenye gari na hasara kwa mdai.

Nikakumbuka nina bima. Ni bima ndogo, ile ya kumlipa mtu mwingine ninayemsababishia madhara. Kwa hesabu hiyo, rundo la moramu lilikuwa na haki kubwa kuliko mimi.

Kijiwe cha kahawa kikakaa kama jopo la mawakili wasio na vyeti. Swali la kwanza halikuwa nani alipe, bali barabara ni ya nani. Zipo barabara kuu na za mikoa, ambazo tangu mwaka 2000 ziko chini ya TANROADS. Zipo za wilaya, za mitaani na za vijijini, ambazo hadi mwaka 2017 zilikuwa mikononi mwa halmashauri, kisha ikaundwa TARURA kuzisimamia. Shokapu haichagui wakala wa kuvunjikia, lakini mdai lazima ajue amevunjikia kwa nani, maana akikosea mlango ataelekezwa kwa heshima mlango mwingine, na huko nako atakaribishwa kiti.

Milango niliyobisha siitaji, wala simtaji mkandarasi. Mji ni mdogo na mimi bado naishi humu. Tabu yangu kubwa ni kwamba nilifundisha Kiswahili mkoani hapa mpaka nikastaafu, hivyo nyuma ya kila meza ameketi mtu niliyewahi kumwambia avute kiti mbele aache kupiga soga. “Shikamoo mwalimu!” Nikiitikia marahaba, hasira niliyoibeba tangu nyumbani inaisha. Utamgombezaje mtu aliyesimama akupishe kiti na kukuulizia hali ya mama?

Nikaacha barua. Ikarudi. Kijana akaniambia kwa sauti ya mtu anayempa mzazi wake habari mbaya: “Samahani mwalimu, haina kumbukumbu namba, na kichwa cha habari hakijapigiwa mstari.” Huyu nilimkata alama mbili kidato cha tatu kwa kosa hilohilo. Nikaandika upya: YAH: MADAI YA FIDIA YA SHOKAPU YA MBELE KUSHOTO. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakala kwa huyu, nakala kwa yule. Ikapokelewa na kugongwa muhuri, na kwa mara ya kwanza gari langu likawa na jalada.

Baada ya barua likaja swali: “Mwalimu, una uthibitisho kwamba shokapu ilikuwa nzima kabla ya tukio?” Nilitafuta kwenye simu. Picha za harusi zipo, za wajukuu zipo, za ng'ombe zipo. Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kupiga picha na shokapu yake siku ya sikukuu.

Nikashauriwa kumwona msimamizi wa kazi kwenye kambi ya mkandarasi. Kijana mchangamfu, akanipa soda. Akasema taratibu zote za usalama zilizingatiwa.

“Alama tuliweka, mzee. Matawi mabichi, tena mengi.”

“Mbona sikuyaona?”

“Mbuzi waliyala.”

Nikanyamaza, maana nawajua mbuzi wa kwetu. Mwezi wa Oktoba tawi bichi katikati ya barabara kwao si onyo, ni karamu. Mdaiwa wangu mpya akawa na miguu minne, na mwenye mbuzi angeweza kunigeuzia kesi kwamba mifugo yake imelishwa alama za barabarani bila ridhaa yake. Msimamizi alipoona nimeishiwa maneno, akajitolea kunimwagia getini tipa moja la moramu, yaishe. Nilikataa. Kwanza, mali ya mradi ni mali ya umma. Pili, mke wangu alikwishasema kwamba moramu ikimwagwa pale getini, juu yake ndipo nitakapolala.

Basi nikageukia sheria, na hapo ndipo ucheshi wenyewe ulipo. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inakutaka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kwenda mahakamani. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unazihusu pia halmashauri na wakala za serikali. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi yenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Si Mahakama ya Wilaya, ni Mahakama Kuu, ambayo watu wa Singida kwa miaka mingi tuliifuata Dodoma. Nikapiga picha akilini: Mwanasheria Mkuu wa Jamhuri ya Muungano anasimama, anasafisha koo, anaomba shokapu iletwe kama kielelezo. Nauli ya kwenda na kurudi, ada ya wakili na chakula cha mchana vingetosha kununua shokapu nne na kulitengeneza gari upya.

Wenzetu nao wana vituko. Jiji la New York, kwa sheria ya mwishoni mwa miaka ya 1970, halidaiwi shimo ambalo halikuarifiwa mapema kwa maandishi. Mwaka 1982 mawakili wa huko wakaunda shirika la kuzunguka mitaani kuchora ramani za kila shimo na kila ufa, kisha wakalipelekea jiji makaratasi hayo ili lisiseme halikujua. Mzee mmoja kijiweni aliposikia hivyo akauliza kama bado wanaajiri.

Kinachonichekesha na kunikera ni wepesi wa njia moja na ugumu wa nyingine. Kulipia barabara hakuhitaji barua. Tozo ya Mfuko wa Barabara imo ndani ya kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Hata mashine ya kusaga na jenereta ya saluni zinachangia, nazo hazijawahi kukanyaga lami. Hakuna aliyeniomba kumbukumbu namba pale kituo cha mafuta wala kunipa notisi ya siku 90. Fedha inatoka kwangu kwa sekunde chache. Irudi, itapita Mahakama Kuu.

Shokapu nimeinunua mwenyewe. Wewe ambaye yako bado ni nzima, nakupa niliyojifunza. Kabla hujaliondoa gari, piga picha za rundo, za gari na za mahali ambapo kibao kilipaswa kuwepo. Kama kuna matawi, yapige picha kabla mbuzi hawajafika. Toa taarifa polisi. Spea nunua kwa risiti ya EFD, maana risiti ya daftari itachekwa. Kisha mwandikie mkandarasi kabla ya kumwandikia mtu mwingine yeyote: mikataba mingi ya ujenzi humtaka awe na bima ya madhara kwa watu wengine, na kumdai yeye hakukulazimishi kumsumbua Mwanasheria Mkuu.

Na wakubwa wa barabara, ombi langu ni dogo. Kwenye kila bango la mradi mnaandika mwajiri, mhandisi mshauri, mkandarasi na chanzo cha fedha. Ongezeni mstari mmoja wenye jina la kampuni ya bima ya mkandarasi na simu ya kupeleka madai. Na bango hilo liwe la chuma. Matawi tuwaachie mbuzi.